Saa ambazo injini imezimwa: siku 12 za kutazama ndege Mato Grosso na Emas

Kila ninapotembeza wageni, iwe msitu wa Amani au hifadhi ya Saadani, nabeba daftari dogo la jalada gumu. Ukurasa wa kushoto naandika ndege tuliowaona. Ukurasa wa kulia naandika jambo moja tu: siku hiyo gari lilizimwa injini kwa saa ngapi. Tabia hii niliianza miaka mingi nyuma, baada ya mgeni mmoja, bibi mtu mzima, kuniambia tukiwa tunateremka kurudi Muheza kwamba ameonyeshwa ndege wengi siku ile lakini hakumsikia hata mmoja. Neno lile liliniingia. Tangu hapo naipima safari ya ndege kwa ule ukurasa wa kulia.

Septemba ya mwaka jana nikawa mimi ndiye mteja. Nililipa, nikakaa kiti cha nyuma, nikatembezwa kwa siku 12 katika jimbo la Mato Grosso, Brazil, hadi hifadhi ya taifa ya Emas iliyoko jimbo jirani la Goiás. Daftari lilikuwa lile lile.

Kampuni iliyotuchukua ni ndogo, makao yake yako Cuiabá. Jina silitaji, kwa sababu malalamiko yangu nimewaandikia wenyewe na nataka wapate nafasi ya kujirekebisha. Tulikuwa wateja wanne: mimi kutoka Tanga, mume na mke Wareno, na daktari wa mifugo mstaafu kutoka Argentina. Gari la viti saba, dereva mmoja, mtembeza wageni mmoja. Nililipa dola 2,900, malazi na chakula humo humo, nauli ya ndege mbali. Kwa mtu wa kazi yangu hizo ni pesa nzito. Nilizikusanya miaka sita, na nusu ya kila bakshishi niliyopewa Amani imo ndani yake. Kwa hiyo ninapoandika kwamba kitu hiki kilistahili na kile hakikustahili, naandika nikiikumbuka kila shilingi.

Anayetaka hukumu mapema aichukue hapa: Pantanal, kile kinamasi kikubwa, nawapa 9 kwa 10. Chapada dos Guimarães 7. Emas 4, na kosa si la Emas.

Mambo ya njiani nayapitia haraka. Visa niliombea ubalozi wa Brazil, Dar es Salaam. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano usiiache nyumbani, maana hata kama hukuulizwa kwenda, ukirudi kutoka Brazil utaulizwa uwanja wa ndege wa kwetu. Niliruka kupitia Addis Ababa hadi São Paulo, kisha Cuiabá. Joto la Cuiabá mwezi wa Septemba si la Tanga. Letu lina chumvi na upepo wa bahari, jioni unatoka barazani ukapumua. La kule ni kavu, midomo inapasuka, na usiku halipungui. Beba mafuta ya midomo.

Tulianzia Chapada dos Guimarães, kama kilomita 65 kutoka Cuiabá. Ni nchi ya juu, majabali ya mawe mekundu yaliyokatika wima, na hifadhi yake ya taifa ilitangazwa mwaka 1989. Maporomoko yanayopigwa picha sana, Véu de Noiva, yana urefu wa mita 86. Tulifika ukingoni kabla jua halijatoka. Dereva alizima gari mbali, tukamalizia kwa miguu, na hapo nikajua nimeangukia mikono mizuri, kwa sababu mimi nisingezima mbali vile.

Jua lilipogusa jabali, kasuku wakubwa wekundu, wenyewe wanawaita arara, wakaanza kutoka kwenye matundu ya mawe, wawili wawili. Miaka yote nimetazama kasuku kwa kuinua shingo. Pale ukingoni walikuwa wanaruka chini yangu, nikawaona migongo: mabega mekundu, kisha mkanda wa kijani, kisha buluu ya mabawa, na kiunoni buluu nyepesi kama ya kanga iliyofuliwa mara nyingi. Wanapiga kelele mbaya sana. Tulikaa saa tatu bila mtu kusema twende.

Nyika yenyewe, wanayoiita Cerrado, ina ukubwa wa kilomita za mraba kama milioni 2. Mtu wa Saadani akishushwa pale hatashangaa sana kwa mbali: nyasi, miti iliyotawanyika, vichuguu. Akikaribia ndipo ataona tofauti. Miti imejipinda kama mikono ya mzee mwenye baridi yabisi, magome ni manene na laini kama kizibo cha chupa, maana moto umepita hapo tangu enzi na enzi na mti usio na gome hilo haukubaki. Sehemu kubwa ya mti imo ardhini. Watu wa huko wanasema ni msitu uliopinduliwa, na mtembezaji wetu alitufukulia mzizi mmoja wa kichaka cha urefu wa goti, akachimba mpaka akachoka, mwisho hatukuuona.

Hapo hapo Chapada ndipo nilipopata lalamiko langu la kwanza. Mtembezaji, kijana mwenye masikio hodari kuliko yangu, alitaka tumwone ndege mmoja wa vichakani, dume lake lina utosi mweusi na mabawa ya rangi ya kutu. Akatoa spika ndogo, akacheza sauti yake. Ndege akaja, tukamwona vizuri, basi. Lakini Mreno hakupata picha, kijana akacheza tena. Na tena. Nilihesabu mara tisa. Yule dume alikuwa anaruka tawi hili na lile, manyoya yamesimama, akimtafuta adui asiyekuwepo, na jike lake liko kimya karibu tu na nyasi mdomoni. Ndege mwenye nyasi mdomoni anajenga. Nikamshika kijana bega nikamwambia kwa Kiingereza changu, ndugu yangu, ameshatulipa huyu, tumwache. Aliizima, na siku zilizofuata hakuzidisha mara mbili. Hilo naliweka upande wake. Hata hivyo kampuni inapaswa kuwa na kanuni yake; isingojee mteja kutoka Tanga aseme.

Sasa Pantanal, na hapa nitakaa.

Kutoka Cuiabá unakwenda Poconé, karibu kilomita 100, na baada ya Poconé lami inakwisha. Kinachofuata ni barabara ya vumbi iitwayo Transpantaneira, kilomita kama 145, yenye madaraja zaidi ya mia, mengi yalijengwa kwa mbao. Ilianzwa miaka ya 1970, nia ikiwa kuvuka kinamasi chote mpaka Corumbá upande wa kusini. Haikufika. Inaishia ukingoni mwa mto, mahali paitwapo Porto Jofre, na huko mbele ni maji.

Ukitaka kuelewa kwa nini ndege wamejaa pale, tazama kando ya barabara usitazame mbali. Pantanal hufurika wakati wa mvua, kwa hiyo barabara ililazimika kuinuliwa tuta, na udongo wa tuta ulichimbwa pale pale pembeni. Mashimo yale yakawa madimbwi, kulia na kushoto, mwanzo hadi mwisho. Kiangazi kikikaza, kinamasi kinakauka, samaki wanabanwa ndani ya madimbwi, na madimbwi yanazidi kusinyaa kila siku. Ndege wanajua. Makorongo, kulasitara, yangeyange, mbizi, mnandi, kila mwenye mdomo mrefu anakuja pale, na mamba wadogo wa kule wamejipanga ukingoni mdomo wazi, hawana habari na mtu. Ndiyo maana nasema nendeni kiangazi, Julai mpaka Septemba.

Dereva wetu alikuwa mtu mzima wa Poconé, ujana wake aliutumia juu ya farasi akichunga ng'ombe katika mbuga zile zile. Asubuhi, kabla hatujaondoka, alikuwa anakwenda kuongea na madereva wa malori ya ng'ombe. Nilidhani anapiga soga tu. Siku ya pili nikamuuliza kwa msaada wa yule mama wa Kireno, akanijibu kwamba anauliza dimbwi lipi limebakiza maji ya kifundo cha mguu. La kina cha kiuno samaki wana pa kujificha. Lililokauka samaki wamekwisha. La kifundo ndilo lenye karamu, na kesho litakuwa jingine. Nimefanya kazi hii miaka mingi na mashamba ya chumvi ya pwani yetu nayajua, lakini sikuwahi kufikiri kuuliza hivyo. Alipofika kwenye dimbwi lake alikuwa anazima injini kabla, anaacha gari lijiviringe lenyewe mpaka lisimame. Hakuna mlango uliofunguliwa mpaka aseme.

Kwenye dimbwi la namna hiyo nilimwona tuiuiú, korongo mkubwa wa kule, jabiru. Anasimama karibu kufika kifuani mwa mtu, mwili mweupe wote, kichwa na shingo nyeusi bila manyoya, na chini ya shingo ngozi nyekundu inayowiva zaidi akikasirika. Korongo wa kwetu pale mto Wami unapoingia baharini ni mrembo zaidi kwa mdomo wake wa rangi tatu, hilo sitalibadilisha. Lakini tuiuiú anatembea kama mwenye nyumba. Kiota chake ni mzigo wa kuni juu ya mti mkavu, wanakirudia mwaka hadi mwaka na kukiongeza, na kasuku wadogo wa kijani wamejenga vyumba vyao chini ya mzigo huo huo.

Kasuku wa buluu, arara-azul, mkubwa kuliko kasuku wote wanaoruka, karibu mita moja mdomo hadi mkia, tulimwona siku tatu mfululizo. Walikamatwa maelfu kwa maelfu miaka ya 1980 kwa ajili ya kufugwa ndani. Upande wa kusini wa Pantanal mwanabiolojia Neiva Guedes alianza kuwafuatilia mwaka 1990, wakatengenezewa masanduku ya kutagia, na idadi ikapanda tena. Kwa asili hutaga kwenye tundu la mti uitwao manduvi, ambao ni wa ukoo mmoja na mfune wa misitu ya kwetu. Na hapa nilinyamaza nilipoelezwa: mbegu za manduvi zinasambazwa na tukani, yule ndege wa mdomo wa rangi ya chungwa anayenikumbusha hondohondo, na tukani huyo huyo ndiye anayeiba mayai ya arara. Ukimfukuza tukani, umemnyima arara mti wa kesho.

Moto wa mwaka 2020 uliunguza karibu theluthi ya Pantanal. Bado kuna sehemu michikichi ya acuri ina mashina meusi, na arara hula kokwa zake. Dereva hakutaka kulizungumzia sana. Alipunguza mwendo, akanyoosha kidole, akaendelea.

Kuna ndege mmoja niliyeomba gari lisimamishwe kwa ajili yake na wenzangu wakanishangaa. Yangeyange. Walikuwa kama hamsini wamezunguka kundi la ng'ombe weupe wenye nundu, wanatembea karibu na kwato kama wanavyofanya pale Pongwe, wakisubiri panzi warukishwe na miguu. Yangeyange hakuwa mwenyeji wa Amerika. Alivuka Atlantiki mwenyewe kutoka Afrika, akaonekana mara ya kwanza kaskazini mwa Amerika ya Kusini miaka ya mwisho ya karne ya 19, akaenea bara zima. Wale ng'ombe, aina ya Nelore, asili yao ni India. Na majani waliyokuwa wanakula, dereva alishuka akang'oa shina akanipa, yanaitwa braquiária, yamepelekwa kutoka Afrika kwa ajili ya malisho na sasa yamezagaa mpaka yanafukuza nyasi za wenyewe. Nilisimama kwenye uzio wa mbao, kilomita maelfu kutoka nyumbani, mbele yangu ng'ombe wa India wanakula majani ya Afrika wakihudumiwa na ndege wa Afrika. Nikamwambia mama wa Kireno: meza, bendera, leso, maneno hayo ya Kiswahili tuliyachukua kwenu. Tukacheka. Alinisogezea darubini yake nzuri nikawatazama yangeyange kwa dakika ishirini.

Kitu kingine cha karibu. Kwenye nguzo za uzio kuna viota vya udongo vya ndege mdogo wa kahawia, wanamwita joão-de-barro, Yohana wa udongo kwa maneno yetu. Kimoja kilikuwa kimeanguka na kupasuka nusu, dereva akanipa nikishike. Kina uzito wa tofali dogo. Ukuta wake unene wa vidole viwili, ndani umelainishwa, nje umeachwa na vidonge vidonge, na ukitazama pasuko unaona mabua na mavi ya ng'ombe yamechanganywa kushika udongo, vile vile wanavyokandika nyumba vijijini kwetu. Mlango uko upande mmoja, lakini hauingii moja kwa moja. Kuna ukuta wa ndani, unapinda kama ukumbi, halafu ndipo chumba. Mvua haifiki, nyoka anapata tabu, mkono wa mtoto haupindi. Nilikipima kwa kiganja changu na kukichora kwenye daftari, ukurasa wa kulia, siku ambayo tulizima injini kwa saa 9.

Chakula nakisema kwa ajili ya ndugu zangu Waislamu. Kila mlo ni wali, maharage na unga wa muhogo uliokaangwa, na samaki wa mtoni, pacu au pintado, wazuri mno. Mtu wa Tanga hatapata shida. Ila maharage yao mara nyingi hutiwa vipande vya nyama ya nguruwe, na kwa macho huwezi kujua. Siku ya kwanza nilimweleza dereva. Kuanzia hapo, kila nyumba ya wageni tuliyofika, alikuwa anatangulia jikoni kabla hata ya kushusha mizigo, na sufuria yangu ilipikwa mbali. Sikumkumbusha hata mara moja. Adhuhuri alikuwa anatafuta daraja lenye kivuli. Nilipokuwa nasali wenzangu walibaki kimya garini. Huduma kama hiyo haiko kwenye tangazo la kampuni, nami naitaja kwa sababu ndiyo iliyofanya nijisikie mgeni wa mtu.

Siku ya Porto Jofre ndiyo pekee iliyoharibika Pantanal. Watu wengi huenda huko kumwona jagwa, paka mkubwa wa kule anayefanana na chui, na kampuni ikatupakia kwenye boti nusu siku nzima bila kutuuliza. Tulimwona, amelala juu ya mchanga, na boti nyingi zimemzunguka redio zikiongea. Ni mnyama wa kuheshimika. Lakini sisi tulikuwa tumelipia ndege, na njiani tulipita ufuko uliojaa ndege wa mdomo wa mkasi, wale ambao nusu ya chini ya mdomo ni ndefu kuliko ya juu na huchana maji wakiruka, na boti haikupunguza hata kidogo. Daftari: saa 3 tu siku hiyo.

Kisha ikaja barabara ya Emas. Kutoka Cuiabá unashika BR-364 kupitia Rondonópolis mpaka upande wa Mineiros, siku nzima, malori mbele na malori nyuma, yamebeba nafaka. Sisi tuliozaliwa kati ya mashamba ya mkonge tunajua maana ya zao moja mpaka upeo wa macho. Lakini mkonge una njia, una reli, una vijiji katikati. Soya ile haina kitu. Ilikuwa imeshavunwa, udongo mwekundu mtupu na mabua, na katikati ya mabua niliwaona mbuni wa kule, ema, saba, wanaokota punje. Nikapiga kelele tusimame. Dereva akatikisa kichwa, hapakuwa na pa kuegesha, lori lilikuwa mgongoni mwetu. Alikuwa sahihi. Lawama ni ya aliyepanga ratiba: ukishapanga umbali ule kwa siku moja umeshaamua kwamba hakuna mtu atakayeona kitu. Daftari: dakika 40, na hizo ni za kula.

Emas imepewa jina la mbuni hao. Ilitangazwa mwaka 1961, ina hekta kama 132,000, na mwaka 2001 iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia pamoja na Chapada dos Veadeiros. Pembe zote imezungukwa na mashamba, ukiingia lango ndipo nyasi zinaanza, na vichuguu, vichuguu, vichuguu. Juu ya kimoja bundi amesimama. Mchana, jua kali, bundi mdogo wa miguu mirefu, analala shimoni, na mlangoni pa shimo amepanga mavi makavu ya mnyama ili mbawakawa wa mavi waje mwenyewe awale. Alinikazia macho ya manjano, akainama, akainuka. Kwetu bundi akitua juu ya paa watu hutafuta mawe. Nimeshawahi kuokota bundi aliyevunjwa bawa kwa sababu hiyo, kijijini kwa watu wanaonijua, na bundi wa Usambara ndiye ambaye wageni huvuka bahari kuja kumtafuta Amani. Nilimpiga picha huyu wa Emas, nimeichapisha kubwa, nawaonyesha watoto wa shule kila ninapopata nafasi.

Na chini, kando ya njia, mikorosho. Sikuitambua mpaka nilipoinama. Kichaka cha kunifika magotini, majani yale yale mviringo yenye mshipa wa katikati wa manjano, nikasugua moja nikanusa, korosho. Tunda lake jekundu, dogo kama ncha ya kidole gumba, na korosho yake imening'inia chini kama ilivyo desturi. Niliporudi nilikwenda Pangani kumsalimia shangazi, ambaye ana mikorosho mitano nyuma ya nyumba.

"Shangazi, nimeona mikorosho mifupi, inanifika hapa."

"Nani kaipanda, mwanangu?"

"Haikupandwa. Huko ndiko kwao. Hata huu wako, ukoo wake Wareno waliutoa Brazil."

Akautazama mkorosho wake muda mrefu, kama mtu aliyeambiwa mpangaji wake ni wa nchi nyingine. "Na mabibo yake?"

"Yana uchachu, shangazi. Ila harufu ni hii hii."

Emas tulipewa siku moja na nusu. Tuliwaona siriema, ndege wa miguu mirefu mwenye kishungi puani anayempigiza nyoka chini mpaka afe, kazi ambayo ndege karani wa kwetu anaifanya kwa teke. Tulimwona mla-mchwa mkubwa akivuka nyasi, mkia kama ufagio. Wakati tunaanza kuzoea, tukaambiwa tufunge mizigo. Na lile lililokuwa kwenye tangazo lao, picha kubwa kabisa, halikufanyika: mvua za kwanza zikianza, vichuguu vya Emas huwaka usiku, taa ndogo za kijani mamia kwa mamia, ni mabuu ya aina fulani ya mbawakawa wanaoishi kwenye kuta za kichuguu na kuwasha mwanga ili wadudu warukao wawafuate waliwe. Tulikuwepo, mvua ilikuwa imenyesha jioni ya kwanza, nilisikia harufu yake. Kampuni haikuwa imeomba kibali cha kuwa ndani usiku. Tulilala mjini kilomita nyingi kutoka hapo. Usiku ule sikupata usingizi, na lalamiko hili ndilo nililoliandika refu kuliko yote. Usiuze picha ya kitu ambacho hukukiombea ruhusa.

Jumla ya ukurasa wa kulia: saa 60 na dakika 40 kwa siku 12. Saa 35 kati ya hizo ni Pantanal, siku tano tu. Saadani, kwa siku nzima moja na wageni wangu, wastani wangu ulikuwa saa 4. Safari yangu ya kwanza baada ya kurudi, na wageni wawili wa kutoka Arusha, nilimwomba dereva azime gari mbali na maji, likajiviringa, tukakaa. Hakupenda mwanzoni, alisema breki zitamlaumu. Siku hiyo injini ilizimwa kwa saa 6 na nusu.

Kama unataka kwenda, ushauri wangu ni huu: omba Chapada siku tatu na Pantanal siku saba, kataa boti ya jagwa kama ndege ndio wako, na Emas uiwekee safari yake peke yake, Oktoba mvua zinapoanza, kwa mtu atakayekuonyesha kibali cha usiku kwa maandishi kabla hujalipa. Beba viatu vya kufunga kwa ajili ya kupe, darubini ya 8x42, na sabuni yako.

Kampuni ilinijibu barua yangu baada ya siku nne. Kuhusu spika wamekubali, kuhusu kibali wameomba radhi na kunirudishia dola 150. Nikawauliza kama dereva wa Poconé bado yupo. Yupo. Nimeanza tena kuweka akiba.